Antikrates Anaweka Tindo Chini

Mwisho wa mwezi huu wa Skiroforioni, Antikrates anaiacha karakana yetu ya mawe ya makaburi hapa Athene, baada ya kazi ya miaka thelathini na minane. Kumsemea nimepewa mimi, kwa kuwa nimekaa naye benchi moja tangu mwanzo, na kwa kuwa wengine hapa midomo yao imejaa vumbi tu. Yeye alichonga watu. Mimi ni ngao, viatu na farasi. Kuna farasi wangu mmoja pale kwenye barabara ya makaburi, mlevi alimpelekea nyasi, halafu akaja kutulalamikia kwamba mnyama hali.

Alikuja hapa mwembamba kama mpini wa nyundo, akapewa kusugua mawe. Akasugua, akasugua. Siku moja akachonga marehemu anaagana na baba yake, wameshikana mikono, na karakana nzima ikaacha kazi ikaangalia. Hata mimi, nami sisifu watu ovyo.

Halafu vita. Wazee wakafa kama kawaida yao, lakini wateja wetu wakawa vijana watupu. Hatukungoja tena mtu auawe. Askari tuliwachonga mapema, wakasimama ukutani na mikuki yao wakisubiri majina. Sura tuliwapa moja: ya Euthias, mwana wa Antikrates, kijana aliyemzidi baba yake uzuri kwa mbali, ashukuriwe mama. Alisimama mlangoni tumwige, ngao yake kifuniko cha chungu, anacheka, baba anafoka.

"Tulia wewe! Maiti gani anacheka?"

"Maiti ana njaa, baba!"

Tulicheka mpaka tukapaliwa. Baada ya jeshi letu kushindwa kule Delio, mawe yale yalikwisha yote. Antikrates akachonga mengine. Sura ileile.

Kisha Euthias mwenyewe akapanda meli kwenda vitani Sisili. Nani alirudi kutoka Sisili? Hata mfupa hatukuletewa. Antikrates akaanza jiwe la mwanawe. Ngao nilichonga mimi, na ngao kama ile mji huu haujapata kuiona. Yeye akachonga miguu, kifua, mabega. Alipofika usoni, akakwama. Kila akimtafuta mwanawe anamwona yule wa ukutani, yule wa kuuza.

Akachukua mafuta na utepe vya kupambia jiwe la marehemu, tukaenda naye makaburini. Akatafuta jiwe ambalo sura ya mwanawe aliipatia kuliko yote, akaanza kulifunga utepe. Kumbe mwenye kaburi yuko nyuma yetu, mjane mmoja anaitwa Melitta.

"We mzee! Unamfunga utepe mume wa nani?"

"Nisamehe, mama. Huyu ni mwanangu."

"Mwanao wapi? Huyu Kleonimos! Nimelala naye kitanda kimoja, leo uje wewe unifundishe sura yake?"

"Jina ni la mumeo, mama. Sura ni ya mwanangu. Mumeo mimi sikuwahi kumwona. Tulizichonga kabla."

Mama yule akalitazama jiwe, akamtazama Antikrates.

"Sasa Kleonimos alikuwaje?"

Tungejuaje sisi?

"Pua yake ilikuwaje? Niambieni! Tangu Delio namwota huyu. Namlilia huyu. Wangu mmempeleka wapi?" Akamshika Antikrates nguo. "Nirudishie, mzee."

"Hata mimi namtafuta wangu, mama. Simpati."

Mjane akafungua utepe wa Antikrates. Halafu akafungua na wa kwake, aliokuwa ameufunga zamani. Akaondoka nazo zote mbili, jiwe likabaki tupu.

Kesho yake Antikrates akanikabidhi tindo. Jiwe la Euthias liko hapo nyuma, halina uso. Nilijitolea kuumalizia, maana hakuna kinachonishinda, akasema hapana. Kweli, ningechonga nini? Hata mimi namjua yule wa ukutani tu.

Antikrates, tunakushukuru kwa mikono yako. Barabara nzima imejaa kazi yako, na najua ndiyo sababu sasa unaikwepa, unazungukia mashambani. Nimeambiwa nimalize kwa kukutakia raha. Mimi huwa nasema lolote, lakini hilo limenikataa. Basi nenda nyumbani, rafiki yangu. Tunakutakia, japo mara moja kabla hujafa, umkumbuke Euthias amenuna, au anapiga chafya, au ameamka vibaya: sura yoyote ambayo hatukuiuza.