Veneranda Aliyewauliza Wamarekani Wanasali Wapi

Marehemu Veneranda Kokushubira Mutashobya, 14 Machi 1961 – 2 Oktoba 2025. Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Deogratias, katika makaburi ya Spånga, Stockholm, Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025.

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa leo, wengine mkitoka mbali kule Hallunda, upande wa pili wa mji, pokeeni shukrani za familia. Marehemu aliacha karatasi yenye maagizo matatu. Azikwe hapa hapa Stockholm. Asizungumziwe kwa muda mrefu. Na wasifu wake uandikwe na mdogo wake wa mwisho, Deo, bila kuruka habari za siasa. Hilo la pili tutalivunja kidogo. La tatu ndilo lililokuwa gumu.

Veneranda alizaliwa Kashozi, Wilaya ya Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mwalimu Anselmo Mutashobya, katekista, na Mama Paskalia. Baba alikuwa na mwandiko mbaya, kwa hiyo tangu Veneranda akiwa darasa la nne ndiye aliyemwandikia daftari la wakatekumeni, yaani waliojiandaa kubatizwa. Bibi mmoja alipoulizwa umri wake alisema amezaliwa siku ambayo ng'ombe wa jirani alianguka kisimani. Watu walicheka. Veneranda aliandika hivyo hivyo, kisha akamuuliza jina la jirani. Baba alipenda sana kukisimulia kisa hicho, na alikisimulia hadi uzeeni.

Alisoma shule ya msingi Kashozi kuanzia mwaka 1968, kisha sekondari ya wasichana ya Rugambwa mjini Bukoba. Akiwa kidato cha tatu, mwaka 1977, mama alifariki. Tangu hapo kila likizo alirudi nyumbani kuwaogesha na kuwafulia wadogo zake, na Deo, aliyekuwa na miaka minane, alilala mgongoni mwake ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea. Baada ya kidato cha sita na mwaka wa jeshi la kujenga taifa, alifanya kazi ya ukarani, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983 na kusoma sosholojia. Mwezi Agosti 1989 alikuja Stockholm kwa shahada ya uzamili. Alikusudia kukaa miaka miwili.

Mwaka 1996 alikuwa akijitolea kuwasaidia wageni kujifunza Kiswidi, na katika darasa lake kulikuwa na fundi wa lifti kutoka Bukavu, Gilles Mushagalusa, aliyechanganya Kiswahili na Kifaransa na kukataa katakata kuchanganya Kiswidi. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1997, wakahamia Spånga, wakajaliwa Aurore mwaka 1998 na Aron mwaka 2001. Nyumba yao ilikuwa na lugha nne. Mama aliuliza kwa Kiswahili, watoto wakajibu kwa Kiswidi, baba akagomba kwa Kifaransa, na chakula kilipoiva wote walisikia vizuri.

Mwaka 2004 Veneranda aliajiriwa na taasisi moja ya utafiti hapa mjini, iliyoshirikiana na wenzao wa Marekani. Walitaka kujua dini inaingiaje katika siasa za Wamarekani. Walichagua watu mia mbili na kumi na wawili katika majimbo manne, na kila baada ya miaka miwili walewale waliulizwa maswali yaleyale kwa simu: unasali wapi, mara ngapi, nani amekaa karibu nawe kanisani, mchungaji amesema nini, umempigia nani kura na kwa nini. Waliona kwamba Mmarekani hujibu kwa uhuru akiulizwa na sauti ambayo hawezi kuiweka upande wowote. Kiingereza cha Veneranda kilikuwa cha Rugambwa. Hakuna aliyejua akiweke wapi.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, kila alasiri, wakati Marekani ni asubuhi. Kanuni ilikuwa moja: mdadisi haongezi neno lake. Bi Isra, mwenzake wa Unguja aliyekaa naye meza moja na ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka siku ambayo shemasi mweusi wa Georgia na mama mweupe wa Ohio walimtajia Veneranda maneno yaleyale ya Maandiko kuhusu kumpokea mgeni, mmoja akieleza kwa nini amepiga kura huku, na mwingine kwa nini amepiga kule. Wote wawili walilia. Veneranda aliandika yote, akavua visikilizio, akamwambia Isra anakwenda kunywa chai. Hakurudi mezani kwa saa nzima.

Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba dini hutangulia na siasa hufuata. Kwa miaka ya mwanzo aliona ni kweli. Baadaye alikutana na mzee aliyehama kanisa la wazazi wake kwa sababu mchungaji alimwombea mgombea ambaye mzee huyo hakumpenda. Akakutana na kijana mmoja aliyeacha kusali popote, akisema hawezi tena kutofautisha mahubiri na mkutano wa kampeni. Watu wetu wa Hallunda walipomuuliza, kwenye ibada ya Kiswahili, Wamarekani wanaosali sana wako upande gani, mmoja wao, Mama Madeleine, akisisitiza apewe jibu moja tu, Veneranda alimjibu, "Inategemea wanasali wapi, mama, na wanasali na nani." Wengine walidhani anakwepa. Ndivyo alivyokuwa amesikia.

Kazi hiyo ilimchosha. Haifai kulificha hilo. Gilles anasema kuanzia mwaka 2014 hivi, marehemu alikuwa akifika nyumbani anaketi kwenye kiti cha mlangoni na koti lake, na yeye Gilles anamvua viatu. Akimuuliza amechoshwa na nini, alisema kila mtu ana sababu zake, na sababu zote zinaingia akilini.

Utafiti ulifungwa mwaka 2023. Alitaka kuwapigia wale watu kuwaaga, akaambiwa kanuni haziruhusu.

Sasa habari ambayo Deo asingeiandika kama asingeagizwa.

Deo aliingia Marekani mwaka 1998 kwa bahati nasibu ya viza, akakaa Tulsa, Oklahoma, ambako hadi leo anaendesha malori. Kule aliacha Ukatoliki na kuingia kanisa kubwa la kilokole, na alipopata uraia mwaka 2006 alipiga kura kama kanisa lake linavyopiga. Ndugu walilijua hilo na hawakuligusa. Mwezi Novemba 2016 aliandika kwenye kundi la simu la familia kwamba Mkristo yeyote asiyempigia mgombea fulani kura amemsaliti Mungu.

Veneranda alikuwa ametoka kazini. Alijibu, "Deo, maneno hayo si yako. Nimeyasikia leo mara tatu kwa watu wasiojuana, neno kwa neno. Umeyameza bila kutafuna."

Deo alimjibu kwamba amekaa Ulaya hadi imani imemganda, na kwamba amegeuka mtu wa kuhesabu waumini kama mbuzi wa mnadani. Kisha akajitoa kwenye kundi.

Miaka minane ilipita. Baba alipofariki mwaka 2018 walikutana Kashozi na kusimama pande mbili za kaburi. Waliulizana habari za safari kupitia kwa dada yao Veronica, aliyekuwa akienda huku na kule kama mkalimani. Mtu aliyewasikiliza wageni mia mbili na zaidi hakuweza kumsikiliza aliyembeba mgongoni, na aliyebebwa hakuona aibu.

Mwezi Novemba 2024 madaktari waligundua kwamba marehemu ana saratani ya kongosho. Hakumwambia mtu nje ya nyumba yake. Tarehe 11 Januari 2025, siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri hapa, saa tatu asubuhi Tulsa, alimpigia Deo simu. Alikuwa ameyatafsiri maswali yote ya lile dodoso la kazini kwa Kiswahili, akayaandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari.

"Deo, ni Veneranda," alisema. "Nina maswali hamsini na manne. Si lazima ujibu, na unaweza kusimama wakati wowote."

Deo alidhani ni mzaha, kisha akadhani ni mtego. Alikubali kwa hasira, kwa sababu alitaka na yeye aandikwe. Siku hiyo walifika swali la kumi na mbili, linalouliza mtu alifikaje katika kanisa lake. Deo alieleza kwamba majira yake ya kwanza ya baridi alilala sakafuni katika chumba kisicho na godoro, hamjui mtu, na waliogonga mlango wake walikuwa mume na mke wa kanisa lile, wamebeba godoro juu ya gari, blanketi mbili na sufuria ya supu. Hawakumuuliza dini yake. Walirudi kila wiki. Walipoanza kumwambia nani wa kumpigia kura, tayari walikuwa ndugu zake, na mtu haanzi kubishana na ndugu waliomletea godoro. Kwa miaka ishirini na saba familia haikuwahi kumuuliza habari hiyo. Walimuuliza tu kwa nini ameliacha kanisa la baba yake. Veneranda aliandika, akamshukuru, wakaagana.

Jumamosi iliyofuata walifika swali la thelathini na moja. Alilisoma kama lilivyo. "Je, kuna mtu wa karibu uliyeacha kuzungumza naye kwa sababu ya siasa?"

Deo alisema yupo.

"Ni nani kwako?"

Mniwie radhi, hapa siwezi kuendelea kujiita Deo. Nilisema, "Ni dada yangu."

Nilisikia kalamu ikiandika. Kisha akasema, "Swali la thelathini na mbili," na sauti yake haikuwa sawa tena hadi mwisho wa simu.

Jumamosi ya tatu, tarehe 25, walimaliza. Deo alimuuliza, naye je, angejibuje. Marehemu hakuwa amewahi kuyajibu maswali hayo kwa mtu yeyote. Sasa akasema kwamba kazi imekwisha, anaweza kusema. Alisema anasali. Alisema anaona wamekosea, yeye Deo na wale wa godoro, na kwamba ameliona hilo kwa miaka mingi na halijabadilika. Alisema yule mtu wa swali la thelathini na moja hata yeye anaye. Baada ya hapo ndipo akamwambia habari ya ugonjwa.

Deo alifika Spånga tarehe 5 Aprili akakaa wiki mbili, akarudi tena tarehe 12 Septemba. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, na wauguzi walifika nyumbani kila siku, familia inawashukuru. Mpo mtakaotaka kusikia kwamba ndugu hawa walipatana katika mambo yale. Hawakupatana. Siku moja ya Septemba walibishana kweli, Deo akisema juu ya watoto wasiozaliwa, marehemu akisema juu ya watoto waliotenganishwa na wazazi wao mpakani, kila mmoja akiona mwenzake anataja watoto ili asisikie ya mwenziwe. Aurore alisema jambo kwa Kiswidi, na Gilles akamtafsiria shemeji yake kwamba mama amechoka, inatosha.

"Nimechoka, ndiyo," marehemu alisema. "Mwacheni amalize."

Deo alimaliza. Marehemu alisema bado hakubaliani naye, akaomba maji, na Deo akamnywesha.

Mwishoni mwa mwezi huo alimwomba Deo aongoze rozari. Deo hakuwa ameishika tangu mwaka 1998, na kanisani kwake hawaikubali. Mafumbo ya rozari, yanayotafakariwa kwa zamu, yalimchanganya, na ikabidi Aron atafute mpangilio wake kwenye simu na kumnong'oneza mjomba wake kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Waliisali siku nne. Siku ya tano, Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, walipokuwa hawajafika katikati, Gilles, aliyekuwa amemshika miguu, alisema kwamba mkewe ameondoka. Walisali hadi mwisho.

Marehemu ameacha mume, Bwana Gilles Mushagalusa; watoto wawili, Aurore na Aron; mjukuu mmoja, Emérithe, mwenye miezi mitano, aliyelazwa juu ya kifua cha bibi yake kila alasiri hadi siku ya mwisho; na wadogo zake, Veronica wa Bukoba, Nathaniel wa Mwanza na Deogratias wa Tulsa. Mdogo wake Clemensia alitangulia mwaka 1983. Ameacha wajomba, mashangazi na mashemeji wa Kashozi na wa Bukavu, na marafiki wa ibada zote za Kiswahili za mji huu, hata zile zisizosalimiana.

Ee Mungu, mpokee dada yetu Veneranda mahali pa amani, umpe kupumzika. Alichoka kweli.