Mapafu ya Chupa

Mimi si mtu wa kudukiza maneno ya wenzangu. Haya niliyapata kwa taabu, maana ilibidi nihame kiti mara mbili ndani ya basi mpaka nikawa nyuma yao sawasawa.

Baba mmoja alikuwa amepakata chupa ya plastiki iliyosimamishwa juu ya kibao. Ndani ya chupa mlikuwa na mrija na maputo mawili, mfano wa mapafu aliokuwa akiupeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya shule. Mama aliyekaa kando yake alikuwa mwalimu, tena jaji wa maonyesho hayohayo.

"Shule haina hela, tukawaambia watoto watumie takataka za nyumbani," mwalimu alisema. "Ajabu, takataka zinatufikia zimepigwa msasa na vanishi. Leo kazi ya mzazi tunaitoa nje."

"Itoeni tu, mwalimu. Hii kaitengeneza binti yangu. Mimi sijaigusa hata kwa kidole."

"Na kibao hiki chenye nakshi?"

"Ana mkono mwepesi, kamrithi babu yake."

"Yuko darasa la ngapi?"

"La pili."

Kondakta alipopita, baba alimwomba mwalimu amtolee nauli mfukoni mwa shati. Nikashangaa, mikono yote miwili anayo.

Basi liliposimama mlangoni pa shule, mwalimu akasema, "Lete nikushikie, baba, ushuke vizuri."

"Usijali, naiweza."

Mwalimu akaishika chupa, akaivuta taratibu. Vidole gumba vyote viwili vya baba vikaifuata, vimeganda kwa gundi.