Soka Yengi, Aliyejifungia Nje Siku ya Mahari

Marehemu Soka Yengi alizaliwa tarehe 3 Mei 1988 kijijini Ludara, wilaya ya Koboko, mtoto wa pili wa hayati Yengi Dumo na Mama Elena. Mama Elena aliomba jambo moja tu: aelezwe kazi ya mwanawe kabla ya kumzika. Familia ilijaribu, na mpaka leo asubuhi ilikuwa bado inakuna kichwa.

Alisoma shule ya msingi Ludara, kisha sekondari Mvara. Huko aliifungua redio ya mwalimu, akaifunga tena, akabakiwa na skrubu tatu mkononi. Redio ikalia vizuri kuliko zamani.

Mwaka 2013 aliajiriwa na chuo kimoja mjini Arua. Palikuwa na kompyuta kubwa moja, na ndani yake kompyuta nyingine nyingi zisizoshikika kwa mkono. Kazi ya Soka ilikuwa kuziwekea mtandao: ipi izungumze na ipi, na zipi zisikutane kamwe. Mama alipomtembelea, aliizunguka ile mashine akiinama.

"Waya ya hizo ingine iko wapi?"

"Hakuna waya, Mama. Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

Soka akamweleza kwamba mashine ya mishahara na ile ya wanafunzi zinakaa nyumba moja lakini zinaepukana, kama mwanamume na mama mkwe wake. Mama akaelewa, akafurahi. Kisha akauliza nani amemwoa nani, wakarudi pale pale walipoanzia.

Mwaka 2016 alimposa Mercy, binti wa Mzee Lado wa Koboko. Mazungumzo ya mahari yakiendelea, Soka aliiba dakika kwenye simu ili kurekebisha kitu kidogo katika mtandao wa Arua, na kwa bahati mbaya akaifuta njia ile ile aliyoingilia. Chuo kizima kikakatika mtandao, naye hakuweza tena kuingia kwa simu. Akainuka bila kuaga, akapanda boda kwenda Arua. Mzee Lado aliduwaa.

"Huyu mutu anakimbia bibi ama anakimbia ng'ombe?"

Soka alirudi kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Nilijifungia nje, Baba."

"Nje ya nyumba gani? Hapa mlango ilikuwa wazi!"

Hakuna aliyeelewa, lakini Mercy alicheka, na wakafunga ndoa tarehe 10 Desemba.

Februari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Akiwa kitandani alimfundisha kazi mwenzake, Patience, kwa simu. Mama alikaa pembeni akimpangusa jasho, akisikia maneno yote bila kushika hata moja, na hilo lilimuuma sana. Soka alifariki Arua tarehe 9 Novemba 2025.

Jana Mama alimuuliza Patience, akiliogopa jibu: "Sasa ile njia yake imekufa na yeye?"

"Hapana, Mama. Iko inatembea. Hata hii karatasi ya mazishi tulichapa kule chuo, imepita kwa njia yake."

Mama aliishika karatasi, akaigeuza mbele na nyuma akitafuta waya. Kisha akaikunja, akaiweka kifuani.

Ameacha mama, mjane, na watoto wawili, Mogga na Kiden.

Soka, safari hii Mungu asikuache nje. Akupe pumziko la amani.