Nani Apande Kreti Alhamisi

RENATA: Haloo? Ni nani mwenzangu?

THAD: Mimi.

RENATA: Mimi nani?

THAD: Kaka yako, Rena. Thad.

(Bomba la maji linafungwa.)

RENATA: Hii namba ya wapi?

THAD: Ya kilabu. Ile simu ya ukutani, karibu na choo. Maana ukiona yangu hupokei.

RENATA: Ningejua nisingepokea na hii. Wifi Halina hajambo?

THAD: Hajambo, anakusalimia. Nyie je?

RENATA: Tupo.

THAD: Theluji imewafikia huko? Hapa imeanguka tangu asubuhi, Aprili yote hii na bado—

RENATA: Thad, mikono yangu ina unga. Sema ulichopigia.

THAD: Alhamisi unaanza uteuzi wa wachezaji wa futiboli.

RENATA: Najua Alhamisi ni nini. Mji mzima wa Buffalo umerukwa na akili. Jumapili hata padri kaiombea timu ipate kijana wa maana kutoka vyuoni.

THAD: Na asipopatikana safari hii tubadilishe padri.

RENATA: (anakaribia kucheka) Endelea.

THAD: Basi, banda la gari nimelifagia. Televisheni nimeisogeza pale ukutani. Halina anatengeneza pirogi, zile za unga na viazi za kuchemsha, na mabawa ya kuku ataleta Kazik. Kreti la baba nimelifuta vumbi. Kila mtu apande juu yake amsemee kijana anayemtaka, wengine kimya mpaka amalize. Kama siku zote. Mwaka wa pili sasa hamji, Rena. Lile kreti halina raha bila nyie. Juzi mtoto wa Kazik kalikalia, nikamnyanyua kwa shati.

RENATA: Baba alikuwa ananyanyua kwa sikio.

THAD: "Hapa panasimamiwa—"

RENATA: "—hapakaliwi." Ndiyo. Nakumbuka.



THAD: We ungemsemea nani?

RENATA: Mimi siji.

THAD: Sijasema uje. Nimeuliza ungemsemea nani.

RENATA: ...Broussard.

THAD: Yule mdakaji? Wa Louisiana?

RENATA: Huyo huyo.

THAD: Rena, mdogo wangu. Yule hajawahi kuona barafu ila ndani ya glasi. Januari, upepo unatoka ziwani, vidole vimekufa ganzi, atadaka nini?

RENATA: Atadaka kila kitu. We uliwaona wadakaji wetu mwaka jana? Walikuwa kama wamejipaka mafuta viganjani. Mpira unamfuata mtu kifuani, yeye anausindikiza chini.

THAD: Mpira upi huo? Mrusha mpira wetu alikuwa chali muda wote. Aliyelala chini anarusha nini? Shida yetu ni ukuta wa mbele unaomlinda. Pale kushoto wapinzani walikuwa wanapita kama wanaingia sokoni.

RENATA: Haya, mtaje. Najua unayemtaka.

THAD: Humjui.

RENATA: Hatch.

THAD: (anacheka) Kolby Hatch wa Iowa. Pande la mtu, Rena, mlango mzima unaziba. Kavunjika mkono Novemba, kafungwa plasta, kaendelea kucheza. Mechi zote, mpaka ile ya kufunga mwaka. Huyo ndiye mtu wa mji huu.

RENATA: Mkono wenyewe sasa hivi ukoje?

THAD: Si utapona.

RENATA: Redioni wanasema haujapona. Wanasema ulikaa vibaya kwa sababu hakuupumzisha.

THAD: Wale wa redioni wanasema mengi. Lakini alicheza. Sasa mlinganishe na huyo Broussard wako. Chuo chake kinaenda kwenye mechi ya mwisho, yeye mzima wa afya, hana hata mkwaruzo, kavaa suti kakaa pembeni. Eti najitunza, uteuzi umekaribia.

RENATA: Alifanya la akili.

THAD: Aliwakimbia wenzake.

RENATA: Thad.

THAD: Ukweli ndio huo. Mtu anayewakimbia wenzake Desemba, ukimtegemea Januari—

RENATA: Rudia.

THAD: Nini?

RENATA: Hilo la kuwakimbia wenzake, lirudie. Nataka nisikie kama ni maneno yale yale.

(Laini inakwaruza. Glasi zinagongana kwa mbali.)

THAD: Sikuwa nazungumzia—

RENATA: Maana Joel aliniambia neno kwa neno. "Mjomba kasema nisiwakimbie wenzangu." Amekaa kitandani hotelini kule Florida, goti limevimba kama tikiti. Daktari kamwambia kucheza ni hiari yake. Mimi mama yake nimemwambia mwanangu, kaa, mechi hii haina kombe wala maana, uteuzi ni miezi minne tu, timu zinakuulizia. Alikuwa ameshakubali, Thad. Viatu alikuwa ameshavirudisha kwenye begi. Halafu akakupigia wewe.

THAD: Alipiga kuniuliza.

RENATA: Na wewe ukajibu.

THAD: Nilimwambia nilichoambiwa na mimi. Baba alikwenda kiwandani na ubavu umepasuka, hakukosa hata—

RENATA: Baba alikuwa anabeba magunia ya unga! Nani alikuwa anausubiri ubavu wa baba?

(Mtu anaongea karibu na simu.)

THAD: Dakika moja, Kazik. Nimesema dakika moja. ...Rena? Upo?

RENATA: Nipo.

THAD: Nilidhani umekata.

RENATA: Nilikuwa jukwaani siku ile, Thad. We ulikuwa hapo kilabuni na bia mkononi. Mimi nilikuwa jukwaani. Goti lilipogeuka, nilimjua ni yeye kabla hawajataja namba yake.

THAD: Najua.

RENATA: Hujui.

THAD: ...Sijui. Sawa. Lakini sikulala na mimi. Na huyu Hatch, nikimwona anavyoinama pale kushoto, ngumi chini, mgongo umenyooka, nasema yule pale ni—

RENATA: Usimalize.

THAD: Anainama vile vile, Rena.

RENATA: Nimesema usimalize. Nina macho.

(Laini inakwaruza tena.)

THAD: Basi mtoe Hatch. Tumchukue Broussard. Nitapanda mimi mwenyewe kwenye kreti nimsemee Broussard, mbele ya Kazik na wote. Mje tu.

RENATA: Unajua Joel anamtaka nani?

THAD: Joel bado anafuatilia?

RENATA: Kila mchezaji wa kila chuo. Urefu, uzito, mbio. Hata hataki niguse ile televisheni. Jana tunakula, nikamuuliza, we ungemchukua nani. Akasema Hatch.

THAD: Unaona? Mtoto ana jicho, sikukwambia? Kama mjomba wa—

RENATA: Niache nimalize.

THAD: Haya.

RENATA: Nikamwambia, Joel, huyo mkono umeshaharibika, wamemshusha kwenye orodha zote, hafai. Akaweka uma chini. Akasema, ndiyo maana, mama. Wale wazima watapigiwa simu na timu hizo zote. Huyu alicheza ameumia. Angalau mmoja ampigie.

(Kimya kirefu.)

RENATA: Thad?

THAD: Nipo.

RENATA: Ulisikia?

THAD: Nimesikia.

RENATA: Siku zote tatu za uteuzi wake alikaa na simu mapajani. Magongo yameegemea kochi, simu mapajani. Chooni anaingia nayo. Majina yanaitwa mpaka wakaanza kuita watu ambao hata wazazi wao hawakutegemea. Timu hazikupiga, sawa, nani anunue goti bovu? Lakini na wewe hukupiga.

THAD: Nilikuwa sitaki kuziba laini.

RENATA: Nini?

THAD: Haki ya Mungu, Rena. Niliogopa timu ipige ikute anaongea na mimi. Nilisema nisubiri imalizike.

RENATA: Na ilipomalizika?

THAD: Ilipomalizika...

RENATA: Jumatatu yake, Thad? Krismasi? Miaka miwili timu zilikuwa bado zinaita majina?

THAD: Nilikuwa naona aibu.

RENATA: Basi hata hiyo ungempigia ukamwambia. Naona aibu, Joel. Maneno mangapi hayo.

THAD: Alikasirika sana?

RENATA: Afadhali angekasirika. Unajua mpaka leo hakuna namba asiyoijua anayoiacha? Wauza bima, waliokosea namba, wote anapokea. Yuko chini ya gari, mikono imejaa grisi, anafuta kwenye suruali, anapokea. Namwambia Joel, ni matapeli hao. Anasema huwezi kujua, mama.

(Laini inakwaruza. Mlango unafunguliwa na kufungwa, muziki unaingia na kutoka.)

THAD: Yuko hapo?

RENATA: Yuko kazini. Kwenye matairi.

THAD: Jioni nitampigia. Nikifika nyumbani, nitulie, nijipange niseme—

RENATA: Ukipiga kwa yako hapokei. Jina lako litatokea.

THAD: Basi nitapigia wapi?

RENATA: Hapo ulipo. Hiyo ya ukutani haijui.

THAD: Sasa hivi? Kazik amesimama hapa na anataka—

RENATA: Kazik asubiri.

THAD: Niseme nini, Rena?

RENATA: Mimi sikuambii. Mara ya mwisho ulijua mwenyewe cha kusema. Unga umeninata mpaka viwikoni na simu hii haina chaji. Namba yake ni ile ile, hajabadilisha. Kwa sababu timu zinayo.

THAD: Rena, na Alhamisi—

RENATA: Mpigie kwanza. Nikisikia umempig—

(Simu inakatika. Kitambo. Simu nyingine inaita. Inapokewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.)

JOEL: Haloo? Haloo, Joel anaongea. Ni nani?

(Mashine ya kufungulia magurudumu inanguruma, kisha inazimwa.)

JOEL: Haloo? Nakusikia, upo hapo. Ni nani mwenzangu?

THAD: Joel. Samahani, baba. Si timu. Ni mjomba tu.

(Spana inawekwa sakafuni.)

JOEL: Mjomba Thad.

THAD: Ndiyo. Niko kilabuni.

JOEL: Kuna msiba?

THAD: Hapana, hapana. Wote wazima. Nimepiga... Nilitakiwa kupiga zamani. Ule usiku ulioumia, na hata kabla ya mechi. Ulipouliza, ningekwambia kaa, Joel. Mama yako alisema kaa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu na bia, naliongelea goti lisilo langu. Naona aibu. Nimeona aibu miaka yote hii ndiyo maana... Joel?

JOEL: Nipo. Nina gari juu ya jeki, mjomba.

THAD: Najua, sitakuweka. Mama yako kaniambia unamtaka Hatch.

JOEL: Kakwambia na sababu?

THAD: Kaniambia.

(Mtu anamwita Joel kwa mbali; Joel anasema, nakuja.)

THAD: Alhamisi njoo umsemee. Zamu ya kwanza yako. Hakuna atakayekukata kauli, Kazik nitamziba mdomo mwenyewe.

JOEL: Siwezi kupanda kreti, mjomba. Goti halikunjiki.

(Laini inakwaruza.)

THAD: Basi utalikalia.

JOEL: Kreti la babu?

THAD: Utalikalia, unyooshe mguu. Sisi ndio tutasimama.

JOEL: Nitaona, mjomba. Wacha nishushe gari la watu.

THAD: Haya. Haya, baba. Na Joel—

JOEL: Nimesema nitaona. Hii namba niisevu ya nani?

THAD: Ya kilabu. Andika tu mjomba.