Siku Gunia Alipoanguka Kweli

Ndugu yetu, ambaye ninyi wa uwanjani mlimwita Gunia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1993 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitindamimba wa watoto watatu. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, mama mshonaji. Alirefuka haraka mno hata mama akachoka kukunjua pindo za suruali zake, akawa anaziunga miguuni kwa kitambaa cha rangi yoyote kilichokuwapo. Mwenyewe hakuona haya, alitembea nazo hivyo hivyo.

Shule alisoma hapahapa mjini, akamaliza sekondari mwaka 2011. Darasani hakuwa wa mbele wala wa mkiani. Kilichomtoa ni mpira wa kikapu, na mwaka 2014 klabu ikamwajiri. Huko kocha alimfundisha kazi ambayo hakuna mwalimu angemfundisha: kujiangusha. Mpinzani akimgusa bega kidogo tu, yeye chali, puu! Mwamuzi anapuliza filimbi, faulo, mitupo huru. Basi jina la Gunia likamkaa, na kocha akazidi kumsifu.

Tarehe 16 Novemba 2019 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Siku hiyo mama mkwe alipomkumbatia tu, bwana harusi akaanguka chali na suti yake mpya. Mama wa watu akapiga ukunga. Gunia akainuka akicheka, na mama mkwe akamnunia mpaka mjukuu wa kwanza alipozaliwa.

Msimu wa mwisho ulianza vibaya. Timu ilipigwa huku na huku, mashabiki wakazomea, mwenyekiti akatishia kumtimua kocha. Gunia ndiye aliyeibeba. Aliruka, akaanguka, akafunga, hadi wakapenya hatua ya mtoano kwa tundu la sindano. Wakati wa nusu fainali alimwambia mkewe kwamba kifua kinambana akipanda ngazi. Daktari wa timu akataka apimwe moyo mara moja. Kocha na mwenyekiti wakasema atapimwa baada ya fainali. Hatumtakasi marehemu: naye alikubali, kwa kuwa kombe alilitaka. Lakini yeye alikuwa mgonjwa. Wao walikuwa wazima, na walijua.

Tarehe 14 Juni mwaka huu, robo ya mwisho ya fainali, alianguka bila kuguswa na mtu. Mpira ukamtoka. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee, na jukwaani watu wakacheka. Dada yake, anayewasomea haya, alikuwapo, na alimsikia kocha kwa masikio yake mwenyewe.

"Gunia, inuka! Leo mwamuzi hadanganyiki!"

Wenzake walimpita mbio kwenda kulinda kikapu chao. Aliyesimama ni mpinzani, yule mlinzi aliyepigiwa filimbi za bure msimu mzima kwa sababu yake. Mpira alikuwa nao mkononi, na angeweza kufunga. Akautupa nje, akapiga magoti, akamwinua kichwa, akaita daktari.

Gunia akatolewa kwa machela, na mechi ikaendelea. Wakashinda, wakapiga picha na kombe, huku mkewe yuko kwenye korido ya hospitali akiambiwa kwamba mumewe hakufika hai. Hasira hii hatutaimeza leo, na mtu asituombe.

Jana mwenyekiti alileta ujumbe: wachezaji wabebe jeneza wakiwa na jezi, na kombe liwekwe juu yake. Mama, ambaye uwanjani hajawahi kukanyaga, aliuliza jambo moja tu: mwanangu alipoanguka, nani alimwinua? Akaambiwa.

"Basi huyo ndiye atakayembeba," alisema. "Wengine watembee nyuma."

Baba alitangulia mwaka 2016. Gunia ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada na kaka. Kijana wa timu pinzani ameshafika, amesimama pale na wajomba, upande wa kichwa.

Marehemu apumzike kwa amani. Ninyi wa klabu, nyuma tafadhali.