Fundi wa Kikosi, Mwenyekiti wa Siku Arobaini na Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba alikuwa fundi viatu, mama mkunga, na nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kwa hiyo kelele alizizoea mapema. Jina alilopewa siku hiyo liko kwenye cheti. Jeshini aliitwa Sindano, mtaani Sindano, na hata mkewe akikasirika alimwita Sindano. Wasifu huu nao utamwita hivyo.

Alianza shule mwaka 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Hesabu alizipenda, kuimba kulimshinda kabisa. Mwaka 1962 alichukua sare ya mdogo wake wa kike, huyu huyu anayewasomea, akaikata ili aitengeneze upya kabla ya sherehe ya shule. Ikatoka na mkono mmoja. Mama alimshika sikio hadi kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, akasema, "Huyu ama umfundishe, ama umfungie mkasi." Akafundishwa.

Tarehe 3 Februari 1969 aliandikishwa jeshini, na kwa miaka ishirini na sita akawa fundi wa nguo wa kikosi. Risasi alizifyatua mazoezini tu, na wenzake wanasema ilikuwa heri usimame mbele ya shabaha kuliko pembeni. Lakini hakuna askari aliyepita pale bila kupimwa naye. Kulikuwa na kamanda mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa nusu inchi. Sindano aligundua, akanyamaza, akamkatia suruali kwa hesabu hiyo miaka sita mfululizo, na kamanda akawa anajisifu kwamba nguo za jeshi zinamkaa kuliko za dukani. Siri hiyo alimwambia mkewe peke yake, na mkewe ametuachia tuiseme leo. Familia ya kamanda ituwie radhi.

Mkewe alikuwa muuzaji katika duka la vitambaa. Kikosi kilikuwa na uzi wa kujaza chumba, ila kila Jumamosi Sindano alikuwa pale dukani kununua uzi mweusi. Wiki ya tisa binti akamuuliza, "Hebu niambie, huo uzi unaula?" Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wanne.

Alistaafu mwaka 1995, akaweka cherehani sebuleni na kujiunga na chama cha askari wastaafu. Aligombea uenyekiti mara tatu, akaanguka mara tatu. Wapinzani wake walikuwa na makovu ya vita. Yeye alikuwa na dole gumba lililotobolewa na sindano. Jambo lililomnyima raha lilikuwa moja. Katiba ya chama ilisema anayeingia ukumbini ni mwenye namba ya jeshi tu, kwa hiyo wajane kumi na mmoja wa wanachama walikaa kwenye benchi barazani, wakipitisha karatasi zao za matibabu dirishani. "Yaani mume akifa, mke anageuka mgeni?" alikuwa akisema, chai yake ikipoa mezani. Tarehe 7 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na sita, alishinda kwa kura thelathini na nne dhidi ya thelathini na moja. Siku hiyo aliingia nyumbani kwa mwendo wa gwaride, na mkewe akampigia saluti na mwiko.

Mwaka mmoja nyuma daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka, asibebe kitu kizito. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa tarehe 5 Julai. Alipotaka wajane waingie, katibu alisimama na katiba mkononi akasema haiwezekani. "Sawa, Afande," Sindano akajibu. "Hairuhusu wao kuingia. Je, inanikataza mimi kutoka?" Akabeba kiti chake, akakaa barazani, akafungua mkutano hukohuko. Wanachama wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake. Katibu alibaki ndani na muhuri wake nusu saa nzima, kisha akachungulia dirishani akauliza, "Jamani, mmefika ajenda ya ngapi?" Walicheka hadi mjane mmoja akapaliwa. Kifungu kilibadilishwa siku hiyohiyo: kuanzia tarehe 2 Agosti, wajane wataingia na kukaa ndani.

Nyumbani alikuta moto. "Daktari alisema usibebe kitu!" mkewe alimfokea.

"Kiti changu mwenyewe?"

"Haya, wajane umewapatia viti. Na mimi nitakaa wapi?"

"Wewe mume wako yupo. Mambo ya ukumbini hayakuhusu."

Wakacheka wote wawili. Kesho yake alianza kushona mito ya kukalia, kwa sababu viti vya ukumbi ule ni vigumu. Tarehe 15 Julai alilazwa, na Ijumaa tarehe 18, saa tatu asubuhi, alituaga, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama cherehani imefunikwa. Alikuwa ametulia kabisa, na sisi tunashukuru kwa hilo.

Juzi katibu alikuja nyumbani kuichukua mito. Akaipanga kwenye kochi, akahesabu, akahesabu tena. "Shemeji, wajane ni kumi na mmoja. Hii ni kumi na miwili. Sindano alikosea?"

Mkewe aliuchukua ule wa mwisho, akauweka kwenye kiti, akaukalia. Machozi yakamtoka. "Hakukosea," alisema.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, wadogo wawili, na chama kizima. Tarehe 2 Agosti katibu ameahidi kumbebea shemeji yake kiti hadi safu ya mbele.

Pumzika kwa amani, Mwenyekiti. Mkeo ana pa kukaa.