Bwana Bashiri, Msomaji wa Nyuso

Bwana Bashiri Zamoyoni, msemaji wa kampuni yetu katika mapatano ya biashara, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1938, baada ya miaka kumi na saba ya utumishi. Alianza Shinyanga akinunua samli na karanga, kisha akahamishiwa hapa kwenye kambi yetu ya dhahabu, upande wa Geita.

Muda wote huo ameamini jambo moja: kinywa hudanganya, mwili husema kweli. Muuzaji akijikuna sikio, bei yake ni ya uongo. Akitazama mbinguni, amechoka na yuko karibu kuondoka, basi aongezwe upesi. Aliwafundisha makarani haya yote pale sokoni, kwa sauti, wauzaji wakisikia. Haukupita muda, wauza samli wa Shinyanga wakawa watu wa kutazama mbinguni hata kiangazi, siku isiyo na wingu. Bwana Bashiri aliongeza bei kwa moyo mkunjufu na kurudi ofisini akijipongeza.

Mwaka jana kisima cha kambi kilikauka. Bila maji hakuna kuosha mchanga wa dhahabu, na meneja alikwisha kutangaza kwamba tungefunga kazi na kwenda makwetu. Chemchemi iliyobaki ilikuwa shambani kwa Mama Alois, mjane aliyetoka Ushirombo, na Bwana Bashiri akatumwa kupatana naye.

Mama Alois aliketi mkekani, akatazama chini kama afanyavyo mwanamke wa huku mbele ya mtu mzima, na kila alichoambiwa aliitikia kwa upole, “Eee, baba.” Bwana Bashiri akazipokea eee zote kuwa ndiyo. Alirudi akitangaza kwamba chemchemi ni yetu kwa nusu ya kodi aliyotaka mama. Tukachinja mbuzi.

Asubuhi mafundi wa mabomba walikuta chemchemi imezungushiwa miiba. Bwana Bashiri alipouliza kulikoni, mama yule alimjibu bila kupandisha sauti.

“Baba, nilikuwa naitikia ili ujue nakusikia. Kukubali bado.”

Kampuni ikalipa kodi nzima, na kambi ikapona. Kwa meneja, Bwana Bashiri aliripoti kwamba ugumu huo alikwisha kuuona kwenye vidole vya miguu vya mama.

Meneja hakumsahau mbuzi yule. Mwezi uliopita alimwita Bwana Bashiri, akamshika mkono kwa muda mrefu, akatabasamu, akamweleza habari ya kustaafu. Bwana Bashiri alitoka akaenda moja kwa moja kwa fundi kushonesha koti, akituambia kwamba mkono ulioshikwa namna ile ni wa mtu anayepandishwa cheo. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Koti limekwisha, na leo atalivaa.

Kaka Bashiri, tunakupenda, na kambi itapooza bila wewe. Asante kwa kazi yako. Tunakuombea afya njema na siku za raha huko Shinyanga pamoja na mkeo, Mama Mwanaidi. Na leo ukiona tunalia, tafadhali usitafute maana nyingine. Unaondoka kweli.